Bendi yetu inataka kupiga na mashine: ninunue sampla gani?

Swali: Mimi ni mpiga drams wa bendi ya watu saba hapa Morogoro. Tunapiga harusini, na Jumapili wengi wetu tuko kanisani kwenye sifa. Mpuliza tarumbeta wetu amehama mji na waitikiaji wamebaki wawili. Tumekubaliana tarumbeta, sauti za kuitikia na ngoma za asili ziingizwe kwenye sampla, yaani mashine inayohifadhi sauti zilizorekodiwa na kuzitoa unapoigonga, niwe nazichezesha mimi. Mmoja ananiambia ninunue MPC, mwingine SPD-SX, na mpiga kinanda anasema laptopu yake inatosha. Tatizo jingine, kumbi nyingi fundi mitambo hutupa laini moja tu kwenye miksa. Nichague nini?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya kufika dukani tuangalie kwanza nyimbo zenu zinavyoisha. Harusini hakuna wimbo unaoishia pale ulipoishia mazoezini. Emsii anainua mkono kwamba maharusi bado hawajafika meza kuu, mnarudia. Mashangazi wanaingia na vitenge vyao, sebene inaongezwa. Watu wanaanza kutunza, mwimbaji anaanza kutaja majina, na hapo hakuna wa kukata. Kanisani ni hivyo hivyo: kiongozi wa sifa akiona watu wamezama katika kuabudu atarudia kiitikio mara nne au mara kumi, na ninyi mnamfuata. Traki ya dakika tano iliyorekodiwa mwanzo hadi mwisho haiuoni mkono wa emsii wala haimsikii kiongozi wa sifa. Inakwenda tu. Ikifika mwisho inanyamaza, na bendi inabaki uchi katikati ya wimbo.

Kwa hiyo ninavyoona, kazi yenu haihitaji mashine ya kuchezesha wimbo mzima. Inahitaji mashine ya kuchezesha vipande, wewe ukiamua kila kipande kinaingia lini. Tofauti hiyo ndiyo inayochagua kifaa. Wengi hununua kwa kuhesabu pedi, yaani vibao vya kugonga, na ukubwa wa kumbukumbu, halafu wanakuja kugundua kwamba kifaa ni kizuri lakini bendi imekuwa mtumwa wake.

Sikiliza rekodi za zamani za bendi kama Sikinde au Msondo. Tarumbeta na saksafoni hazipulizwi mfululizo wimbo mzima. Mwimbaji anamaliza mstari, zinamjibu. Gitaa la solo linapumua, zinaingia na kipande kifupi kisha zinakaa kimya. Upulizaji wa namna hiyo unakaa vizuri sana kwenye pedi: kipande cha sekunde mbili au tatu, unagonga, kinajibu, kimeisha. Sauti za kuitikia nazo ni hivyo hivyo. Mwimbaji akiamua kurudia mara ya sita, unagonga mara ya sita.

Ngoma za asili ndizo zenye mtego. Ukirekodi ngoma ikizunguka yenyewe bila kukoma, bendi italazimika kwenda spidi ile ile kamili, na bendi ya sebene huwa inapanda kidogo wimbo ukichangamka. Tufanye hesabu. Ngoma imerekodiwa kwa mapigo 120 kwa dakika, maana yake kipimo cha mapigo manne kinachukua sekunde 2. Bendi ikifika mapigo 124, kipimo hicho hicho kinachukua sekunde 1.935. Tofauti inaonekana ndogo, lakini baada ya vipimo vinne ngoma iko nyuma kwa zaidi ya robo sekunde, ambayo ni karibu nusu ya pigo. Kila mtu ukumbini atasikia vurugu hata kama hajui imetoka wapi. Dawa zake ni mbili. Ama ukate ngoma iwe kipande cha kipimo kimoja na uigonge upya kila kipimo kinapoanza, ama upige wimbo huo kwa kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni tangu mwanzo na usiiache. Kwa nyimbo chache zenye mpangilio usiobadilika, kama ule wa maharusi kuingia ukumbini au wimbo maalumu wa kwaya, kliki inafaa na traki ndefu pia inafaa. Kwa sebene ningekata vipande.

Sasa tuje kwenye mkono wa kuchezesha. Wewe ni mpiga drams, mikono yako ina fimbo. MPC, yaani mashine za Akai za ukoo ulioanza na MPC60 mwaka 1988, zimejengwa kwa ajili ya vidole. Roland SP-404 MKII nayo, iliyotoka 2021, ni ya vidole. Zote ni mashine nzuri sana, na kwa mtayarishaji wa studio au mpiga kinanda mwenye mkono mmoja huru ningezisifu bila kusita. Lakini kwako kila kipande kitakudai uweke fimbo chini au uikunje kiganjani, ubonyeze pedi ndogo gizani, urudi kwenye hai-hati. Utafanya hivyo kwa nyimbo mbili. Wimbo wa tatu utaanza kuacha vipande, na mwisho wa usiku mashine itakuwa imekaa tu.

Kwako ni pedi za mpira zinazopigwa kwa fimbo. SPD-SX ya Roland ina pedi 9, sita kubwa na tatu nyembamba upande wa juu, na hukaa kwenye stendi kando ya drams. Ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya GB 2. SPD-SX PRO iliyokuja 2022 ina GB 32 na matundu mengi zaidi ya kutolea sauti. Yamaha walikuwa na DTX-MULTI 12 yenye pedi 12, na Alesis walitoa Strike MultiPad yenye pedi 9 pamoja na SamplePad Pro yenye pedi 8, ambayo husoma kadi ya SD na huwa ya bei nafuu. Fedha zikiruhusu, mimi ningekuelekeza kwenye SPD-SX ya kawaida iliyotumika, ikiwa katika hali njema. PRO ni bora, lakini sehemu kubwa ya ubora wake ni kwa bendi yenye fundi wake na laini sita kwenye miksa. Ninyi mna laini moja.

Usiiogope GB 2. Sauti ya WAV ya stirio yenye biti 16 na kilohezi 44.1 hula takribani MB 10 kwa dakika. Dakika tano ni MB 50, na nyimbo 20 za dakika tano kila moja ni GB 1. Ukitumia vipande vya sekunde tatu hutaijaza hata baada ya miaka.

Hiyo laini moja, kwa mpango wa vipande, si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Kinacholazimisha laini nyingi ni kliki, kwa kuwa kliki haitakiwi kusikika ukumbini kabisa. SPD-SX ina matundu makuu ya kushoto na kulia, mengine mawili ya pembeni yaliyoandikwa SUB, na la hedifoni. Pale unapohitaji kliki, inabaki kwako: inakuja kwenye hedifoni zako, na sauti za tarumbeta na waitikiaji zinakwenda kwa fundi kupitia tundu kuu la kushoto. Hajui hata kama kuna kliki, na hana haja ya kujua. Ukitaka mpiga besi naye aisikie, toa kliki kwenye SUB, uipeleke kwenye kikuza sauti kidogo cha masikioni cha aina ya Behringer P2, kinachovaliwa mkandani na kutumia betri. Mpiga besi na wewe mkishika kliki, wengine watawafuata ninyi. Si lazima watu saba wote wavae eafoni.

Ukitumia laini moja, andaa sauti zako ziwe za mono, yaani za njia moja badala ya kushoto na kulia, tangu nyumbani. Siyo suala la kuokoa nafasi. Sauti nyingi za vinanda vya programu hupanuliwa kushoto na kulia kwa kucheza na mawimbi, na ukizikusanya kwenye laini moja baadhi ya mawimbi hayo hufutana. Utapeleka tarumbeta nzito iliyokupendeza kwenye hedifoni, ukumbini itatoka nyembamba kama redio ya mkulima. Bonyeza mono kwenye programu ya kurekodia, sikiliza, rekebisha, ndipo uhamishie kwenye mashine.

Nunua boksi la DI lako mwenyewe na kebo zako mwenyewe. Fundi wa ukumbi mara nyingi ana moja, na ameshaliweka kwenye gitaa la besi. Boksi hilo linaipeleka sauti mbali bila kuchafuka, na lile lenye swichi ya kutenganisha ardhi linaondoa ule mngurumo wa umeme wa hezi 50 unaotokea mashine yako ikiwa kwenye soketi moja na miksa kwenye nyingine. Nakuomba kwa dhati: mtu yeyote akikushauri ukate au uchomoe pini ya ardhi kwenye plagi ya pini tatu ili kuondoa mngurumo, mkatalie. Waimbaji wanashika maikrofoni za chuma mikono ikiwa na jasho. Ardhi ile ndiyo inayowalinda.

Laptopu ya mpiga kinanda siidharau. Ina betri yake, haina ukomo wa nyimbo, na programu kama Ableton Live au Reaper zinaweza kupeleka kila sauti mahali pake. Kwa bendi ya injili inayopiga matamasha, yenye nyimbo zilizopangwa kwa dakika na skrini inayokwenda sambamba na muziki, ningependekeza laptopu kabla ya pedi. Lakini isitumike kwa tundu lake la hedifoni. Inahitaji kadi ya sauti ya nje yenye matundu manne ya kutolea, mawili ya muziki na mawili ya kliki. Behringer UMC204HD ni ya bei ya chini, ina matundu hayo na hupata umeme kwenye waya wa USB. Zima intaneti, zima masasisho, zima usingizi wa skrini, zima milio yote ya ujumbe.

Tena kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Kwenye mipangilio ya kadi ya sauti kuna kiasi cha bafa, yaani sauti ambayo laptopu inajiwekea kabla ya kuitoa. Ukichezesha traki ndefu tu pamoja na kliki yake, weka bafa kubwa, 512 au 1024, laptopu ipumue. Kuchelewa hakukudhuru kwa sababu traki na kliki zinachelewa pamoja. Ukigonga pedi iliyounganishwa na laptopu, hapo bafa lazima iwe ndogo, 128 au chini, ama sivyo utasikia tarumbeta ikija baada ya fimbo. Na bafa ndogo kwenye laptopu chovu ndiyo inayoleta mikwaruzo. Kwa sababu hiyo, kwa vipande vya kugonga, ninaipendelea mashine iliyojengwa kwa kazi hiyo moja.

Kuna na upande wa watu. Siku mpiga kinanda ana msiba au amepata kazi Dodoma, laptopu inaondoka naye, na tarumbeta na waitikiaji wenu wanaondoka pia. Mashine inayobeba sauti za bendi iwe mali ya bendi, na watu wawili wajue kuitumia.

Umeme. SPD-SX haina betri. Umeme ukikatika inazimika, na jenereta ikiwaka itahitaji muda kuamka na kurudi kwenye kiti (kit, yaani mpangilio wa sauti za pedi kwa wimbo mmoja) ulichokuwa nacho. Ununue UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, mashine haili umeme mwingi. SP-404 MKII inakwenda kwa betri sita za AA au kwa waya wa USB-C, hata pawa benki, na MPC Live ina betri ndani. Kama mpiga kinanda wenu angekuwa ndiye mchezeshaji, hoja hiyo ingekuwa na uzito. Adapta ya SPD-SX ni ya volti 9 yenye hasi katikati, ilhali nyingi zinazouzwa mitaani zina chanya katikati. Usibahatishe. Adapta halisi iandike jina kwa rangi, isipotee kwenye begi la waya.

Ukishaipata, kazi yenyewe ndiyo inaanza, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko dukani. Kila kipande kikate kianze hasa pale sauti inapoanza. Hata kimya cha sehemu ndogo ya sekunde mbele ya tarumbeta kitakufanya uonekane unachelewa, na utaanza kugonga mapema kufidia, kisha mdundo wako wote utayumba. Ndiyo maana MP3 haifai kuwa chanzo: namna inavyobanwa huongeza kimya kidogo mwanzoni. Muombe mtayarishaji wako WAV, kila ala peke yake, ya kilohezi 44.1. Faili la kilohezi 48 likichezeshwa na mashine isiyolibadilisha, linakwenda polepole na kushuka kwa karibu robo tatu ya toni nzima; mpiga solo atadhani gitaa lake limeharibika.

Kwenye mipangilio ya pedi za tarumbeta, zima ile inayofuata nguvu ya mkono, ili ugonge kwa nguvu au kwa upole sauti itoke kwa kiasi kile kile. Kwenye pedi za ngoma iache, kwa sababu ngoma inapendeza ikiwa na uzito tofauti. Vipande vya tarumbeta viweke kwenye kundi moja la kunyamazishana, ili ukigonga cha pili cha kwanza kikate. Tarumbeta mbili za mtu mmoja zikilia pamoja hudhihirisha uongo. Ngoma ya kuzunguka iweke kwenye mtindo wa gonga-iwake, gonga-izime. Pandisha kiwango cha chini cha kugusa hadi mtikisiko wa jukwaa na besi usiweze kuamsha pedi yenyewe. Na pedi zisizotumika kwenye wimbo huo ziache tupu. Fimbo hukosea njia.

Ufunguo wa wimbo utawasumbua kuliko mnavyotarajia. Mwimbaji ana mafua, anasema leo tushushe. Gitaa zinashuka, kinanda kinashuka, tarumbeta za mashine zimebaki juu. Andaa kila wimbo kwa funguo mbili, wa kawaida na wa chini yake, kila mmoja kwenye kiti chake, na vipe majina yanayosomeka gizani. Wapiga gitaa nao watafute sauti kwa kifaa cha kupimia, cha A hezi 440, wasifuatane wao kwa wao kwa sikio, kwani mashine haitawafuata.

Viwango vya sauti vilinganishe nyumbani wimbo kwa wimbo. Fundi akishakupangia laini yako kwenye wimbo wa kwanza, mara nyingi hatairudia tena usiku mzima. Atakuwa anahangaika na maikrofoni za wanakamati.

Kabla hujatoa shilingi, fanyeni jaribio moja mazoezini. Tengeneza faili la stirio la wimbo mmoja, muziki wote kushoto, kliki yote kulia, liweke kwenye simu iliyo kwenye hali ya ndege, na utumie kebo inayogawa tundu la hedifoni kuwa mawili ya mono. Kushoto kwenda miksa, kulia kwenda masikioni kwako. Pigeni hivyo wiki kadhaa. Mtajua kama bendi inaweza kuishi na kliki, na mtajua ni nyimbo zipi zinazoikataa. Faili hilo hilo libaki kwenye simu kama akiba ya siku mashine itakapogoma, kebo yake ikiwa tayari begini.

Na ukienda kuiona iliyotumika, nenda na fimbo zako, hedifoni na flashi yenye WAV mbili zako. Gonga kila pedi katikati na pembeni, kwa upole kisha kwa nguvu, ukitazama kama pedi ya jirani inaitikia bila kuguswa. Chomeka kebo kwenye kila tundu, la SUB pia, na uitikise kidogo ukisikiliza mkwaruzo. Ingiza sauti zako kwa USB pale pale mbele ya muuzaji, zima mashine, iwashe, uone kama zimekaa. Muuzaji akikosa adapta halisi, bei yake ipunguzwe.